Mlango Ulioitikia Hodi

Mimi sina elimu ya kutunga hadithi. Shule niliiacha darasa la saba, wiki ile mama yangu alipozikwa. Kwa hiyo haya nitakayoeleza sikuyatoa kitabuni. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nimeshiba na akili zangu ninazo. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize.

Nina wadogo watatu. Baba alitangulia, mama akamfuata, na matanga hayajaisha mjomba akasimama uani akaanza kutugawa: huyu aende Eldoret, huyu Busia, huyu mdogo nitakaa naye mimi. Nikasema hapana. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na sijui sauti ile niliitoa wapi. Tangu siku hiyo nimefanya kila kazi ili tusitawanyike, na kazi ndiyo iliyonileta Dubai, huku Al Twar, kumtunza bibi mmoja mzee wa Kizanzibari. Nyumba nzima huniita Dada. Wadogo zangu kule Kitale huniita Dada. Mwezi mzima unaweza kupita sijasikia jina langu.

Bibi ana maradhi ya kusahau. Binti yake wa kumzaa, ambaye ndiye Madam wangu, Bibi humwita "yule mama mwenye miwani". Lakini kuna neno moja halijamtoka. Nyumba ile huingii chumba bila kupiga hodi, hata kama umefuata kijiko tu. Na Bibi, ukimpigia hodi, hata awe kwenye lepe la usingizi, ataitika: "Karibu." Hajakosa hata siku moja. Lishike hilo, nitalirudia.

Novemba iliyopita Madam alisema anataka mama yake aone dunia kabla haijamfutika yote. Akachagua Lisbon, mji mkuu wa Ureno, siku tatu za wikendi.

"Na Dada atakuja," akasema. "Vilima vya kule na mama kwa pamoja siviwezi. Nichague kimoja."

Niamini, sikujua kama mji unaweza kuzeeka vile. Hapa Dubai kuna jengo Al Barsha nililiona likiwa shimo, leo lina ghorofa arobaini. Kule unaegemea ukuta unaambiwa una miaka mia tano. Vijia vinapanda na kushuka kama ngazi za nyumba ya mtu, chini mawe meupe yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza, kuta zimevikwa vigae vya buluu, na juu ya vichwa vyenu nguo za watu zimeanikwa. Kila pembe moshi wa njugu kubwa zinazochomwa. Nilitembea mdomo wazi. Mhudumu wa mkahawa alipotuonyesha meza na kuiita "mesa", nusura iwe kama tunavyoiita sisi, Bibi alicheka, akamwambia, "Umejifunza kwetu, baba!"

Madam akasema, "Ni sisi tuliojifunza kwao, mama. Hawa walikuja pwani na majahazi yao. Walituachia maneno."

"Na wao walichukua nini?" Bibi akauliza.

Madam akafungua orodha ya vyakula. Mimi nikamkatia Bibi mkate.

Jumapili, siku ya mwisho, saa tisa alasiri, Madam aliingia duka la vigae. "Mshike mkono mama, Dada. Usimwachie." Nikamshika. Manyunyu yalikuwa yameanza, yale yasiyolowesha ila yanafifisha kila kitu. Simu yangu ikalia. Alikuwa Nekesa, mdogo wangu anayenifuata, analia. Mjomba amekuja tena, anasema kitinda mimba atamchukua akasomee kwake, maana wewe Dada uko mbali, huna mamlaka. Nilihitaji mkono mmoja wa simu na mwingine wa kuziba sikio. Unaelewa? Nilimwachia Bibi. Dakika mbili, labda tatu.

Nilipogeuka, hayupo.

Mtu wa miaka themanini na minne, hajui jina lake, hajui lugha yao, jiwe linateleza. Akianguka kwenye ngazi zile haamki. Na nikimpoteza mama wa watu, hata nikifukuzwa ni haki yangu, na wale watatu watagawanywa kabla ndege yangu haijatua. Nikakimbia kuelekea chini, kwa sababu mzee akichoka hufuata mteremko.

Kuita jina lake kungesaidia nini? Hangeitika. Ndipo lile neno likanijia. Nikaanza kupiga hodi. Ndiyo, katika mji wa Wazungu, mlango baada ya mlango, kama mwendawazimu: "Hodi! Hodi! Hodi!" Mama mmoja alifungua dirisha, akanitazama, akafunga. Watalii wawili walinipiga picha. Sikujali. Hodi, nasikiliza, hakuna. Hodi, nasikiliza.

Kijia kikawa chembamba, watu wakaisha. Mwisho kabisa palikuwa na mlango mfupi wa mawe, uko wazi nusu, ndani giza. Nikapiga hodi mara tatu.

"Karibu."

Alikuwa Bibi. Lakini niamini, sauti zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa ya msichana.

Niliinama nikaingia. Chumba kidogo, sakafu ya udongo, harufu ya nazi iliyokunwa. Nazi, Lisbon! Bibi ameketi mkekani, ametulia kama mtoto aliyekwisha kuoshwa. Amemshika mkono msichana wa kama miaka kumi na saba, mweusi, amejifunga kaniki kifuani, nywele zimesukwa mistari. Pindo la kaniki lilikuwa likidondosha maji, na sakafu ilikuwa kavu.

"Huyu dada yangu," Bibi akaniambia.

"Nduyangu amerudi," msichana akasema, akimpapasa Bibi mgongo wa mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, chenye lafudhi ambayo sijaisikia kabla wala baada. "Tazama walivyomzeesha."

Miguu yangu haikuniambia nikimbie. Hofu ilikuwepo, lakini juu yake kulikuwa na kitu kingine, kama ule uzito unaokushika kanisani kabla wimbo haujaanza. Nikapiga magoti. Nikamuuliza anangoja nani.

"Nduzangu. Mosi, Kombo na Mize. Tulishushwa chomboni pamoja. Wakaja watu, huyu akamtaka Mosi, huyu Kombo. Mize hata kujifunga nguo alikuwa hajui, namfunga mimi. Nikaambiwa, wewe mkubwa, keti mlangoni hapa, usitoke, wataletwa." Akatabasamu. "Sijatoka."

"Tangu lini?"

Alitazama kizingiti, nami nikatazama. Jiwe lake lilikuwa limelika katikati, limechimbika kama bakuli, vile jiwe linavyolika likikaliwa mahali pamoja miaka isiyohesabika.

Nikamwambia, "Mimi pia ndiye mkubwa. Wangu pia ni watatu."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wako wapi?"

"Nyumbani. Wako pamoja."

"Na wewe uko huku?"



Nikasema tunaomba ruhusa, tunatakiwa. Akamkaza Bibi mkono. "Wewe nenda. Mize haendi."

Ningefanya nini? Kumnyang'anya? Nguvu gani ingemtoa mtu aliyengoja hivyo? Lakini alikuwa binti wa watu aliyefunzwa adabu. Alikuwa ameniitikia hodi. Nikasimama, nikamwinua Bibi, nikasema kama anavyosema mgeni, "Basi tusindikize, dada. Kwenu mgeni hutoka peke yake?"

Aliinamisha uso kwa haya. Akainuka. Akatusindikiza hatua tatu, bado amemshika Bibi, mpaka kizingitini. Hapo alisimama. Mimi nikavuka, Bibi akavuka, mkono ukanyooka, ukanyooka, mpaka vidole vikaachana vyenyewe.

"Nimeambiwa nisitoke," akasema. Halafu, "Ukiwaona waambie sijaondoka."

Nikamwahidi. Nimemtoa Bibi kwa kutumia adabu ya mtoto wa watu, na hilo linanichoma, lakini ahadi niliitoa kwa moyo wangu wote.

Madam alitukuta hatua ishirini kutoka pale, viatu mkononi. "Wewe mwanamke! Nimezunguka mpaka roho imenifika kooni! Nilikwambia nini?"

"Nisamehe, Madam. Nilimwachia."

Nikamweleza yote. Akafoka, "Hebu nionyeshe huo mlango," tukarudi. Hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta, umezibwa kwa mawe ya zamani, chokaa yake imeota kuvu. Kizingiti tu ndicho kilichobaki nje, na lile bakuli lake katikati. Madam aliinama akakigusa, akaondoa mkono haraka. Nami nikakigusa. Manyunyu yote yale, na jiwe lilikuwa na joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Madam alimshika mama yake mkono mpaka hotelini, na hakunifukuza.

Usiku huo nilimpigia mjomba. Nilimwambia mtoto hatoki nyumbani, na Juni narudi kuketi nao mimi mwenyewe. Madam amekubali, anatafuta mtu wa kunipokea kazi. Wadogo zangu wako pamoja mpaka ninapokueleza haya.

Lakini Bibi sasa, ifikapo alasiri hapa Al Twar, huuliza, "Yule dada ameshawapata?" Mtu asiyemjua binti yake anayataja yale majina matatu kwa mpangilio. Nami nimekuwa mtu wa kuuliza. Kliniki ya Oud Metha, nikimpeleka Bibi, nikimwona mtu wa pwani namsogelea: kwenu kuna masimulizi ya watoto wanne waliochukuliwa pamoja? Wengine hucheka. Mzee mmoja alivua kofia yake, akaniuliza majina yao.

Kosa langu ni moja. Nilishika majina ya wote watatu, la kwake sikuuliza. Mimi, kati ya watu wote, nilimwita Dada tu.

Kwa hiyo nakuonya. Ukifika miji ile mizee, usipige hodi ovyo kwa mzaha. Huenda yuko anayengoja kuitika. Na ukiitikiwa, usitoke bila kuaga, wala usitoke bila kuuliza jina lake. Na kama wewe uliyesikia haya una damu ya Mosi, au ya Kombo, au ya Mize, basi nimekufikishia: dada yenu hajaondoka mlangoni.