Kabati la Bwana Hashil na Mgeni wa Mbweni

Bi Mwanakheri wa Mbweni hakufungwa kamba. Hakufungiwa mlango, hakutiliwa kitu ndani ya kahawa, wala hakuna mtu wa nyumba ya Hashil bin Saud aliyemlazimisha kuleta posa. Yanayosemwa vibarazani husemwa na watu ambao siku ile hawakuwapo, akiwamo Bi Time wa nyumba ya pili, aliyekuwapo dirishani tu.

Aliyekuwapo ndani ni Bi Tamima, mke wa Hashil.

Mwaka ule wa 1971 Hashil alikuwa karani bandarini, mtu wa hati nzuri na kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya kufagia dari. Mashamba ya baba yake yalikwishakwenda. Lililobaki ni jina, na kabati la msaji la bibi yake. Mvua za masika zikavuja, zikalitoa kabati mabaka meupe ubavu mzima. Na Alhamisi iliyokuwa ikija, Bi Mwanakheri, mama wa kijana, angekuja kuitazama nyumba kabla ya kuamua kumposa Sheikha, binti yao wa pekee.

"Tulifunike kwa kitambaa," alisema Bi Tamima.

"Mama Sheikha, kabati likifunikwa huulizwa. Nalipaka."

Mafundi rangi wa mjini wote walikuwa Michenzani kwenye majumba mapya, na rangi iliyopatikana ilikuwa ya kijani, ile ya milango ya ofisi. Hashil akasema bibi yake hakuwa ofisi. Akafungua kitabu chake cha zamani cha ufundi: sandarusi, ule utomvu mkavu wa mti, iyeyushwe, ichemshwe na mafuta ya kitani, mbao zitang'aa kama kioo. Sandarusi ilikuwamo nyumbani. Mafuta ya kitani hayakuwapo kisiwa kizima.

Matayarisho yake hayakuwa na ila. Siku tatu alilisugua kabati kwa ngozi kavu ya samaki taa, akifuata nyuzi za mbao, akalifuta kwa ndimu, akaliacha likauke, akalisugua tena hata likawa laini kama shavu la mtoto. Angeishia hapo! Lakini bandarini alikutana na Shaame wa Matemwe, fundi wa kuunda vyombo vya baharini.

"Sisi twatia sifa," Shaame alimwambia. "Mafuta ya ini la papa. Nna debe zima."

"Yanashika?"

"Yanashika, bwana? Bahari yenyewe haipiti!"

Hashil akaichemsha sandarusi na sifa uani. Paka wa mtaa wakajaa ukutani. Bi Time akatoa kichwa dirishani: "Jirani, mnapika papa wa harusi kabla ya posa?"

"Twapika kabati, Bi Time," Hashil akajibu kwa adabu.

Alipaka Jumatatu, na kwa kweli liling'aa. Jumanne lilikuwa bichi. Jumatano lilikuwa bichi, na lilikuwa na manyoya ya paka. Hashil akamkimbilia Shaame.

"Leo siku ya tatu, halikauki! Chombo chako hukauka siku ngapi?"

Shaame akamtazama kwa huruma. "Kikauke cha nini, Bwana Hashil? Chombo chatiwa majini."

Alhamisi alasiri Bi Tamima alifukiza udi mpaka ukuta wa pili haukuonekana. Hashil akajiweka nyuma ya pazia la ukumbi. Bi Mwanakheri akaingia na buibui lake jipya, akaketi kwenye kiti kilichopakana na kabati, buibui likiligusa.

"Harufu gani hii?"

"Udi."

"Na hiyo nyingine?"

Bi Tamima akamimina kahawa. Mgeni akanywa kidogo, akasema ana haraka, atawaletea habari. Maneno hayo kila mama wa binti anayajua: ni ya kukataa kwa adabu. Akainuka. Kabati likainama naye, sahani zikalia ndani. Akakaa upesi.

"Bi Tamima, kabati lako limenishika."

"Halimwachii mgeni bila halwa," alisema Bi Tamima, akamletea.

Halwa ikaliwa. Adhana ya magharibi ikapita. Nyuma ya pazia Hashil hakuweza tena kuvumilia.

"Kosa ni langu!" aliita. "Mke wangu alisema tulifunike. Mimi nikasoma kitabu, nikamsikiliza fundi wa vyombo, nikalipaka mafuta ya papa. Yeye hana kosa hata moja."

Bi Mwanakheri akaligeukia pazia, kwa kadiri alivyoweza kugeuka.

"Huyo ndiye baba yake?"

"Ndiye."

"Miaka thelathini nimeolewa, sijapata kusikia mwanamume akitamka hayo. Wangu angelisema mimi ndiye niliyelipaka." Akacheka mpaka sahani zikalia tena. "Mtoto wa nyumba hii namtaka. Semeni mahari."

Basi posa ilitolewa kwa ridhaa, na mtu aliyenata, si aliyefungwa. Sheikha sasa ana watoto wawili Mbweni.

Watu huuliza kwa nini Bi Mwanakheri hakulivua tu lile buibui akenda zake, naye alikuwa mbele ya mwanamke mwenziwe. Bi Tamima anaijua sababu, maana lilipobanduka aliiona nguo iliyokuwa chini ya lile buibui jipya. Hasemi, na hatasema.