Mgeni wa Dunguni

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu Nyamwage, niliamini kwamba wachawi wakimchukua mtu msukule, akawatumikie usiku, huacha mahali pake gogo la mgomba lenye sura yake. Nani angenibishia? Wakubwa wote walisema hivyohivyo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa minadani. Babu alikwenda Kibiti akarudi na koti zito la kijivu, kalivaa juani huku jasho linamtiririka, maana alijiona kapendeza. Bibi akamtazama kutoka mlangoni, akavuta khanga kujifunika uso.

"Sura ni ya Salumu," akasema, "lakini siye. Mume wangu mmempeleka wapi?"

Tulicheka. Babu akavua koti, akalichoma moto. Haikusaidia kitu. Bibi alitutambua sote, njia ya kisimani hakupotea, swala hakusahau. Mumewe tu ndiye aliyemkataa. Majirani wakanong'ona kuwa ule ni mgomba, nami nikaamini. Bibi akamkataza kuingia chumbani, na Babu, kwa aibu, akahamia shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga.

Kila mchana Bibi alinituma na bakuli la wali. "Mpelekee yule mgeni. Si vizuri mtu ashinde njaa."

Nililiweka chini, mbali, nikakimbia. Siku moja Babu aliniwahi kutoka juu.

"Mke wangu," akaniita, kwa utani wetu wa siku zote, "hata shikamoo hunipi? Njoo unishike mkono. Mgomba una joto?"

Nilitaka kwenda. Wallahi nilitaka. Miguu ikanipeleka nyumbani.

Masika yaleyale homa ikamchukua. Msibani Bibi alilia kwa uchungu: "Masikini mgeni wa watu, hana hata ndugu wa kumlilia." Kisha akaendelea kumsubiri mumewe, hadi naye akafa.

Ukubwani daktari mmoja alinieleza kuwa upo ugonjwa wa namna hiyo, wa nadra, unaoweza kumpata mtu uzeeni: macho yanamwona yuleyule, moyo unakataa kuwa ndiye. Nilidhani nikijua nitatulia. Sijatulia. Nikimwona mzee kavaa koti namwamkia mara mbili, watu wananishangaa. Bibi simlaumu, alikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa mzima.