Dominika na Moyo Uliochoka

Dominika wa Kilema, kijiji cha mlimani Kilimanjaro, alikuwa na ng'ombe wawili, shamba la migomba na kicheko ambacho majirani walikisikia kabla hawajamwona. Alipopatikana na saratani ya titi alifanyiwa upasuaji, akamaliza dripu zilizompukutisha nywele, kisha akaanzishiwa sindano ya pajani katika hospitali moja mjini Moshi.

"Sindano hii inalenga aina yako ya saratani," nesi Loveness alimweleza. "Lakini inaweza kuuchosha moyo. Ndiyo maana tumekupima moyo kabla ya kuanza, na tutakuwa tunaupima tena. Mama, ukihema ovyo, miguu ikivimba au moyo ukienda mbio, tuambie siku hiyohiyo. Usingoje tarehe yako."

Dominika aliitikia.

Kila baada ya sindano wagonjwa walibaki kwanza kwenye viti waangaliwe kama watapata homa au kutetemeka. Hapo ndipo alipozoeana na Nargis, mwenye duka la viatu mjini, aliyechomwa sindano ileile. Nargis alikuja na chai ya tangawizi, Dominika na ndizi mbivu, wakawasema waume zao mpaka Loveness akawanyamazisha.

Masika yalipoanza, Dominika alianza kusimama njiani kila alipobeba majani ya ng'ombe. Akasingizia matope. Jioni kandambili zikawa zinambana. Hakumwambia hata mumewe, Leodegar. Aliogopa hospitali ikijua itamkatia dawa, na matumaini yake yote yalikuwa kwenye dawa hiyo.

Siku ya sindano Nargis akamtazama miguuni.

"Dada, mbona mikanda ya kandambili imekuchora hivyo? Umevimba."

"Nimetembea sana."

"Umetembea wapi, na bodaboda imekushusha getini?"

Dominika akamshika mkono. "Nargis, tafadhali nyamaza. Wataninyima sindano."

Nargis akamwangalia kidogo, kisha akapaza sauti: "Sista Loveness! Njoo umwone huyu."

Kipimo kilionyesha moyo umepungua nguvu. Daktari akasimamisha sindano, akampa vidonge vya moyo. "Hatujakufukuza, mama," alimwambia. "Tumewahi. Moyo ukipata nguvu, tunaendelea."

Dominika alirudi nyumbani amenuna. Nargis alipopiga simu hakupokea. Leodegar ndiye aliyepokea, akaeleza mkewe amelalaje na amekula nini. Ikawa hivyo kwa muda, hadi jioni moja Dominika alipomnyang'anya mumewe simu.

"Leo nimepanda kutoka mtoni bila kupumzika," alisema.

Nargis alipiga kelele za furaha mpaka Leodegar, aliyekwisharudi jikoni, akazisikia.

"Bado umenikasirikia?"

"Kidogo. Lakini asante."

Moyo uliporudia hali yake, sindano zikaendelea, safari hii ukipimwa mara nyingi zaidi. Sasa Dominika akifika tu humweleza Loveness kila kitu, hadi mafua ya jirani. Na Jumapili iliyopita Nargis alipanda Kilema kwa mara ya kwanza. Leodegar alipika mtori wa ndizi na nyama, na mgeni akaomba bakuli la pili.