Mama Vikopo na bakteria wa wodi ya watoto njiti

Saa moja asubuhi, Mama Vikopo anainama juu ya kitanda cha tatu katika wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati. Anafungua nepi ndogo kama leso, anachota choo kwa kijiko cha plastiki, anakitia kwenye kikopo na kuandika namba.

"Niwie radhi, bwana mdogo," anamnong'oneza mtoto. "Nakusumbua kwa faida yako."

Ni mhudumu wa wodi kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Jina hilo alibandikwa na wauguzi, likamganda. Hata mumewe humwita hivyo.

Vikopo hivyo vya kupima choo cha kila mtoto vilianza mwaka jana, baada ya watoto sita kuugua ndani ya wiki mbili. Bakteria wa tumboni walikuwa wameingia kwenye damu, na dawa za kwanza hazikufua dafu. Wawili walifariki.

"Mmoja nilimvika kofia mimi mwenyewe, siku ile ya mwisho," anasema.

Wafanyakazi wote walipimwa choo. Yeye peke yake alikutwa na bakteria sugu wa aina ileile, ingawa hakuwa anaumwa. Akaambiwa akae nyumbani kusubiri majibu ya vipimo zaidi.

Nyumbani kulikuwa na mjukuu wa mwezi mmoja. Kwa siku kumi na moja hakumgusa. Alimtazama akiwa mlangoni.

"Mama, mshike hata kidogo," binti yake alimsihi.

"Sithubutu, mwanangu. Huenda mikono hii ndiyo iliyoua."

Siku hizohizo, mtaalamu wa maabara alikuwa akisoma vinasaba vya bakteria wale.

"Ukiwatazama kwa darubini, wote ni walewale," anaeleza mtaalamu huyo, mama wa watoto wawili. "Ukisoma vinasaba vyao herufi kwa herufi, ndipo unajua nani ndugu wa nani."

Bakteria wa watoto sita walikuwa wa ukoo mmoja. Ukoo huohuo ulikutwa kwenye bomba la maji machafu la sinki la kuoshea vikombe vya kulishia watoto. Wa Mama Vikopo walikuwa wa ukoo mwingine kabisa.

Mtaalamu hakupiga simu. Alikwenda kubisha hodi mwenyewe.

"Nilimuuliza mara tatu kama kweli bakteria wangu si wale," Mama Vikopo anasimulia, akicheka huku machozi yakimlengalenga. "Mara ya tatu akasema, 'Mama, hata undugu wa mbali hawana.'"

Alinawa hadi kwenye viwiko, akampakata mjukuu hadi jioni.

Sinki lile liling'olewa. Kwa miezi mitano, hakuna mtoto mwingine aliyekutwa na ukoo ule.

Sasa ameuomba uongozi jambo moja, nao umekubali: mfanyakazi mwingine akirudishwa nyumbani kusubiri majibu, asiachwe peke yake.

"Nitakwenda mimi," anasema, akifunga kikopo. "Nitakaa naye mpaka ajue."