Sindano ya Saba

Nina sindano saba. Naanza na idadi hiyo kwa sababu siku ile watu wazima waliniambia, mtoto wangu akiwa mgongoni, kwamba sijui kuhesabu hadi saba.

Najua kuhesabu. Kila ninapofungua kazi yangu nazihesabu, na kila ninapoifunga nazihesabu tena kwa sauti, nikizigusa moja moja kwenye kimto chake. Mtu akinisemesha katikati, narudi kwenye moja. Ndivyo nilivyo. Mshono ukienda kando kwa upana wa punje ya mtama, naufumua. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za simu, nikizitazama bila sauti wakati mtoto ananyonya, na kwa kuharibu nguo nyingi. Vipande vya vitenge naviomba kwa washonaji wa hapa mtaani kwetu Ndosho, vile vinavyobaki chini ya mashine zao.

Blanketi lenyewe nililianza nikiwa na mimba. Lilikuwa la mtoto mchanga. Mtoto mchanga sasa ana miezi minane na anatambaa, na blanketi bado halijaisha, maana kila nikikaribia ukingo naona miguu yake imeupita, naongeza safu nyingine. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, analiita "ile bitambaa yako". Mume wangu, dereva wa pikipiki, au moto kama tunavyoiita hapa, haliiti chochote.

Asubuhi ile nilikuwa nimefikia kazi ninayoiogopa kuliko zote. Unatandaza shuka sakafuni, juu yake blanketi kuukuu, juu kabisa vile vipande ulivyounga, na vyote vitatu lazima vilale bila kunyanzi hata moja kabla hujavishika pamoja kwa mishono mirefu. Vinahitaji kitu kizito juu yake. Mawe yetu ya volkano ni mazito, lakini yanaacha vumbi jeusi.

Hapa nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimweka mtoto. Nilimkalisha katikati kabisa na kijiko mkononi, kwa sababu uzito wake unatosha na haachi vumbi. Nilikuwa nashona kumzunguka, sindano zote mkononi mwangu au kwenye kimto, nikiona vizuri sana jinsi kitambaa kilivyonyooka. Nikafurahi. Kisha akakojoa.

Nilichomeka sindano kwenye kimto, nikahesabu saba, nikakiweka juu ya kabati na kutoka uani kumwogesha. Niliporudi nikamweka mtoto sakafuni, nikakishusha kimto, nikahesabu tena.

Sita.

Nilirudia mara nne. Nikainama kuangalia sakafuni. Nyumba yetu ni ya mbao, na kati ya ubao na ubao kuna nafasi ya kupitisha kidole. Halafu nikamtazama mtoto. Kwenye kona ya mdomo wake kulikuwa na uzi mwekundu. Nilikuwa nashona kwa uzi mwekundu.

Sikumbuki nilipiga kelele gani, ila mama mkwe aliacha sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, motoni, na jirani yetu, mama mmoja wa Butembo, akaingia bila kubisha.

"Mama, umeona?" mama mkwe aliniambia. "Nilikuambiaka. Mutu mwenye mutoto hachezake na sindano."

"Sichezi, mama. Nilizihesabu. Zilikuwa saba."

"Saba! Labda zilikuwa sita tangu jana. Haulalake, unashona tu, utajua kuhesabu?"

Jirani alikuwa tayari amekunja kitenge chake, amepiga magoti. Mume wake anatengeneza redio, kwa hiyo alikimbia akaleta sumaku ya spika, tukaipitisha juu ya kila ubao. Ilileta misumari miwili, kibanio cha nywele na kifuniko cha chupa. Mtoto alitaka kifuniko.

"Mupe ndizi," jirani alisema. "Ndizi inafunikaka sindano, inatoka nayo bila kuchoma."

"Nani alikuambia?" mama mkwe alisema.

"Batu banasemaka."

"Batu gani? Bale balimeza sindano?" mama mkwe alimuuliza, lakini alikuwa tayari anamenya ndizi.

Mtoto alikula ndizi mbili. Nilimpigia mume wangu. Sauti ya mwanamke yule wa mtandao ikaniambia namba haipatikani. Nilipiga mara kumi na moja kabla ya kutoka nyumbani. Hizo pia nilizihesabu.

Tulipanda moto hadi kituo cha afya upande wa Keshero: dereva tusiyemjua, mimi, mtoto mgongoni mwangu, mama mkwe nyuma yangu akiwa amemshika. Kwenye kila jiwe la barabara niliona sindano ikisogea ndani yake. Na hapo, kati ya jiwe na jiwe, niliahidi. Nilimwambia Mungu kwamba akimtoa salama mwanangu, nitaichoma moto kazi yote, na kimto, na uzi.

Muuguzi alimminya tumbo. Mtoto alicheka. Akasema lazima apigwe picha, ila umeme umekatika, tungoje. Kisha akanitazama mimi.

"Na wewe, mama, unashona nini na mutoto kama huyu? Huna kazi nyumbani?"

Naandika jibu sasa. Ninafua, ninapika, ninachota maji, ninamnyonyesha mtu mwenye meno manne. Ninafanya yote hayo na kesho yake yamefutika, kana kwamba sikuwahi kuyafanya. Mshono tu ndio ninaoukuta asubuhi pale nilipouacha. Lakini siku ile nilikaa kwenye benchi na aibu yangu, nikikumbuka jinsi nilivyomkalisha juu ya kitambaa kama jiwe. Nikaamini kila walichosema.

Tulikaa hadi mchana ukaanza kugeuka. Mama mkwe alisali rozari yote, kisha akaanza tena. Namba ikawa bado haipatikani.

Mume wangu alifika mwenyewe. Jirani ndiye aliyemwona kwenye kituo cha madereva wa moto akamwelekeza. Aliingia na kofia ya chuma mkononi, jasho likimtiririka.

"Mutoto iko na nini?"

"Amemeza sindano," mama yake alisema, akaanza kulia.

"Sindano gani?"

"Ya muke wako! Ile ya kushona!"

Mkono wake ukapanda polepole kwenye ukosi wa jaketi lake. "Ile ndogo? Si iko hapa?"

Ilikuwa pale, imechomekwa vizuri ndani ya ukosi, uzi wangu mwekundu ukining'inia. Ule wa mdomoni mwa mtoto ulikuwa kipande tu alichookota sakafuni.

Alitueleza. Asubuhi mtandao ulikuwa mbaya, akataka kubadilisha laini, na kile kitundu cha laini kwenye simu yake hakifunguki bila kitu chembamba. Akaingia chumbani, akachukua sindano juu ya kabati, akatoa laini ambayo mimi ninayo namba yake, akaweka nyingine, akaenda kazini. Ndiyo maana hakupatikana.

"Kwa nini haukuniuliza?"

"Ulikuwa unaogesha mutoto. Sikutaka kukusumbua."

Hakutaka kunisumbua.

Na mama mkwe, aliyekuwa analia, alifuta macho kwa kitenge, akamshukuru Mungu, akamgeukia mwanawe. Nilingoja. Nilidhani sasa ataambiwa jambo.

"Umekula?" alimuuliza. Kisha kwangu: "Ile bitambaa utaiweka juu ya kabati mupaka mutoto akomae. Umeona leo."

"Nimeona nini, mama?" Nilisikia sauti yangu imepanda, na benchi zima likageuka. "Zilikuwa saba. Nilisema saba tangu asubuhi. Mbona yeye haumwambie aweke simu juu ya kabati?"

"Na atafanya kazi na nini?"

"Na mimi je?"

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Muuguzi akapata jambo la kuandika. Sijui hadi leo mama mkwe alikuwa anafikiri nini, kwa maana alisema tu kwamba sombe itakuwa imeungua.

Ilikuwa imeungua.

Ahadi yangu sikuitimiza. Niliiweka kwa hofu iliyotoka ukosini mwa mtu mwingine, na sidhani kama Mungu ataidai. Lakini juu ya kitambaa simkalishi tena. Hilo ni langu. Siku hizi natumia mawe, nayafunga kwanza kwenye mifuko.

Jioni ileile, jua likiwa bado lipo, nilikaa mlangoni ambapo wote wangeniona. Nilimpa mume wangu mtoto. Nikahesabu sindano kwa sauti, na nilipofika sita nikanyoosha mkono. Akaitoa ya saba kwenye ukosi. Ilikuwa imepinda kwenye ncha, haifai tena kwa mshono mzuri. Niliichomeka mahali pake hata hivyo.

Nikashona safu moja. Ilikwenda kando, nikaifumua. Nyuma yangu mtoto alianza kulia, na mume wangu akaniita, akaniita tena. Sikuinuka. Baba yake alikuwa pale.