Regulata ya Njano

Nakumbuka siku moja ya Julai, mwanangu, baridi ya Mbinga ikiuma hadi mifupani, fundi wangu Mzee Ndunguru aliponituma Songea kununua regulata, kile kifaa cha kupimia na kupunguza nguvu ya gesi ya kuchomelea itokayo mtungini, kama ninavyokutuma wewe leo. Nimechoka kuisimulia habari hii. Lakini keti, gari halijajaa.

"Lete yenye waya wa umeme," aliniambia. Waya ule huipasha gesi joto, maana gesi yetu, ile ya kaboni inayokinga chuma kisiguswe na hewa, ikitoka kwa wingi hugandisha regulata. Gesi ikikatika, hewa huvamia chuma cha moto na kukiachia matundu ndani.

Enzi zile za ruksa maduka yalifurika vitu vya nje, na sisi vijana macho hayatulii. Nikaona regulata ya njano, ina saa mbili za kupimia gesi, inang'aa mpaka unajiona uso. Mwenye duka, mzee wa Kilwa, akanionya: "Hiyo ni ya gesi nyingine, bwana mdogo. Chukua hii yenye waya." Ya waya ilikuwa nyeusi, mbaya kama sufuria ya msibani. Nikamjibu, "Mzee, mchagua jembe si mkulima," nikalipia ile ya njano. Loo! Kumbe mchagua jembe nilikuwa mimi, tena kwa macho tu.

Kesho yake Mzee Ndunguru alikwenda kuzika Kigonsera kabla hajaiona regulata niliyoleta. Nyuma yake akaja Mama Kapinga, mjane wa Matiri, na mashine yake ya mkono ya kumenya kahawa, mpini umekatika. Kahawa mbivu ikishachumwa haisubiri. Nikaanza kuchomelea. Muda si muda regulata ikawa nyeupe kwa barafu. Nikaifuta kwa kitambaa, nikaendelea. Nilipomaliza, kiungo kilikuwa na vitundu kama mkate wa kumimina. Nilijua, mwanangu. Hapo ndipo panaponiuma. Nilijua, nikaziba kwa puti, nikapaka rangi ya kijani, na mama akanishukuru kwa mkungu wa ndizi.

Siku ya tatu mpini ulikatika akiuzungusha kwa nguvu. Akaanguka mbele, mkono wa kulia ukaingia kwenye meno ya mashine. Vidole vinne vilikwenda.

Nilipomweleza yote, hata ile barafu na kitambaa, Mzee Ndunguru hakunipiga. Aliigeuzageuza ile regulata mkononi, akasema polepole, "Ilikuambia, wewe ukaifuta mdomo." Basi. Heri angenipiga.

Mama Kapinga alinisamehe, na msamaha huo ndio ulionichosha. Miaka yote hadi tulipomzika, kila tulipokutana kanisani, wakati wa kutakiana amani alinigeukia na kunipa mkono wa kushoto. "Samahani, baba, ni wa kushoto," alisema. Yeye ndiye aliyeomba samahani!

Haya, nenda. Usichague kwa kung'aa. Uliza ni ya gesi gani, tazama waya wa joto, tazama na kile kibomba cha kioo chenye kigololi kinachopanda gesi ikitoka. Kigololi kikishuka, acha kazi. Mwenye duka akikuonya, msikilize. Na ukikosea, kata kiungo uchomelee upya mbele ya mwenye mali, hata akutukane. Mficha maradhi kilio humuumbua, na safari nyingine anayelia ni mtu mwingine kabisa.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akujalie uzee ambao padri akisema tutakiane amani, utageuka bila kuogopa nani amekaa nyuma yako.