Mji Uliomfuata Tamar Agar

Tamar aliletwa Middlesbrough akiwa msichana wa miaka kumi na sita, juu ya gari la farasi lililobeba viazi, kuja kufanya kazi za ndani kwa karani mmoja wa bandarini. Kwao kulikuwa vilimani, upande wa kusini, mahali ambapo mgeni akija unamwona tangu yuko mbali, ukapata wasaa wa kufagia na kuinjika birika kabla hajabisha hodi. Baba yake, kibarua wa shamba asiyependa maneno mengi, alisimamisha farasi juu ya mteremko akamwonyesha mji kwa mjeledi.

"Babu yako alikuwa akiwinda bata pale," alisema. "Ilikuwa nyumba moja na matope."

Tamar alitazama. Aliona mto Tees, milingoti ya meli zilizokuja kupakia makaa, na moshi. Akauliza watu wote wale wametoka wapi. Baba akasema hajui, ila wanazidi kuja.

Na kweli walizidi. Siku zilezile yaligunduliwa mawe ya chuma katika vilima vya kwao, na kabla Tamar hajazoea kupiga pasi kola za yule karani, matanuri yalikuwa yamejipanga kando ya mto, yakiwaka usiku na mchana hata mawingu yakawa mekundu. Wakaja Wawelshi waliokijua chuma tangu kwa babu zao, wakaja Wairishi waliokimbia njaa, wakaja watu wa Staffordshire na furushi moja moja begani. Mmoja wao alikuwa Reuben Agar.

Reuben alikuwa mkoroga chuma. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mlango wa tanuri, fimbo ndefu mkononi, akikoroga chuma kilichoyeyuka mpaka kishikane kiwe donge la kuvutwa nje. Alikuwa na mikono minene na nyusi zilizoungua, na alikuwa mtulivu. Akikaa mahali, amekaa. Tamar alimpendea hilo hasa.

Walianza maisha katika ua mmoja wa mji wa zamani, kaskazini ya reli, karibu na soko. Chumba kilikuwa na dirisha moja, na nje yake ukuta wa nyumba nyingine, karibu kiasi kwamba Tamar angeweza kuupangusa bila kutoka ndani. Taa iliwashwa mchana. Humo alizaliwa mtoto wao wa kwanza, Amos, na humo aliugua kabla hajatimiza miaka miwili. Kilikuwa kiangazi, maji ya kisima cha ua yalinuka, na ugonjwa wa kuhara ulipita mlango hadi mlango. Tamar alimpakata mtoto mbele ya ukuta ule bila kujua kama kumekucha au jua linatua. Alichojua ni kwamba mwili wa mtoto umekuwa baridi. Reuben aliporudi kutoka zamu alimkuta bado amempakata, na alipojaribu kumpokea, Tamar alisema, "Ngoja kwanza. Sijauona uso wake vizuri. Hakuna mwanga."

Baada ya mazishi hakulia mbele za watu. Alifunga vyombo.

"Mimi hapa silali tena," alimwambia mumewe, na Reuben, bila kubisha, akaenda kumtafuta mzee Wass mwenye mkokoteni.

Walivuka reli wakahamia safu ya mwisho kabisa ya nyumba mpya. Chokaa ilikuwa bado mbichi, na nguo zilizotundikwa ukutani ziliota ukungu. Lakini dirishani palikuwa na shamba la ngano, kondoo wachache, na nyuma yao vilima. Tamar alilala kama mtu aliyetuliwa mzigo. Binti yao Selina alizaliwa hapo. Kisha asubuhi moja Tamar alifungua pazia akaona watu shambani wakipigilia vigingi na kuvuta kamba, na mwaka haukwisha kabla ukuta wa matofali haujasimama mbele yake.

Alihama. Safu iliyofuata nayo ikazibwa, akahama tena. Kila akipata dirisha la shamba mji ulimfuata. Kulikuwa na Jumapili alizotoka peke yake jioni, kofia kichwani kama mtu aendaye kanisani, akatembea hadi mtaa unapoishia na udongo unapoanza, akasimama pale akiangalia kama kuna kigingi kipya. Akikiona, usiku ule hakuna mtu anayelala. Anapanga kabati, anapangua, anasugua sakafu iliyokwisha kusuguliwa.

"Mama Agar," Wass alimwambia safari moja, wakisukuma kitanda kwenye tope, "nikuachie tu huu mkokoteni. Mimi ndiye nitakuwa nakuja kwako kuuazima."

Nyumba ya tano ndiyo waliyokaa muda mrefu kuliko zote. Jirani yao alikuwa Bridie Gallagher, Mwairishi mnene mwenye watoto saba na ulimi usiopumzika. Alimpenda Tamar tangu siku ya kwanza, kwa njia yake.

"Mwenzangu, unamkimbia nani?" alimwuliza juu ya ukuta wa ua. "Maana mwenye nyumba najua hakudai."

"Namkimbia fundi mwashi."

"Basi umekwisha. Huyo hachoki, analipwa."

Reuben alistarehe katika nyumba ile. Kiwanda kilikuwa karibu, baa ilikuwa karibu zaidi, na nyuma uani alijenga kibanda akafuga njiwa, wale wanaosafirishwa mbali kwa treni wakaachiwa waruke warudi kwao. Jumamosi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, shingo nyuma, akitazama angani hadi njiwa wake wa mwisho atue. Tamar alimtazama kutoka mlangoni akashangaa mtu anawezaje kukaa kimya namna ile.

Vigingi vilipofika, alingoja mumewe amalize kula.

"Reuben, wameanza kupima ng'ambo ya barabara."

"Nimeona."

"Kuna nyumba kule mwisho, karibu na tanuri la matofali. Mtu bado hajaingia."

"Njiwa hawahami, Tamar."

"Wafungie kwenye kapu."

"Nikiwafungua watarudi hapahapa. Njiwa akishapajua kwao ndio basi." Akasukuma sahani. "Na mimi nimeshapajua kwangu. Ni hapa. Hii ni nyumba ya tano, mke wangu. Mgongo wangu si wa zamani."

"Unajua kwa nini siwezi."

"Najua. Alikuwa mwanangu mimi pia."

Wiki iliyofuata, Reuben akiwa zamuni, Tamar alimwita Wass. Mzee alipepesa macho alipoambiwa asiguse kiti kile, wala godoro lile, wala sufuria ndogo.

"Bwana anajua?"

"Atajua akirudi."

Alimwachia mumewe pia mkate na kipande cha nyama ya nguruwe juu ya meko, vimefunikwa kitambaa safi. Majirani wote walikuwa nyuma ya mapazia Reuben aliporudi. Waliona akiingia, wakaona akitoka uani, akawalisha njiwa mmoja mmoja bila haraka. Kisha alinawa, akavaa koti, akatembea mitaa minne hadi nyumba mpya, akakaa mezani. Tamar akampakulia. Walikula, Selina katikati yao akitazama sahani yake. Reuben alipomaliza alisema asante, akavaa kofia, akarudi kulala kwake.

Wakaendelea hivyo majira yote ya baridi. Mji mzima ulijua. Bridie alimsubiri Reuben mlangoni kila jioni kama mtu anayesubiri mchezo uanze.

"Haya, Bwana Agar, leo unakwenda kuchumbia tena? Mbona hukubeba maua?"

"Lala salama, Bi Gallagher."

Selina alikuwa msichana mkubwa sasa, anauza vitambaa katika duka moja zuri, na jambo lile lilimuumiza. "Mama, wenzangu dukani wananiuliza yule ni baba au ni mpangaji wetu wa chakula."

"Waambie ni vyote viwili," Tamar alisema. Lakini usiku alisimama dirishani, na giza la shamba halikumpa tena usingizi kama zamani. Alisikiliza nyayo. Kulikuwa na usiku alioshika shali na kufika hadi kona ya mtaa wa zamani, kisha akageuka.

Halafu chuma kikaanguka bei. Makampuni ya reli yaliacha kununua chuma cha kukorogwa, yakataka chuma cha pua, ambacho kilifanywa kwa mashine kubwa bila mtu mwenye fimbo. Matanuri yalizimwa moja baada ya jingine, na watu walioapa kwamba moshi unawaua sasa walitazama anga jeupe wakaogopa. Reuben aliachishwa kazi pamoja na wote wa zamu yake. Alikwenda kusimama gatini na vijana, kungoja kuitwa kupakua meli, na hakuitwa. Akatembea mjini siku nzima, hana pa kukaa, yeye aliyekuwa haondoki kwake.

Mwishowe alikuja kwa Tamar saa isiyokuwa ya chakula.

"Nimesikia Barrow kuna kazi. Bandari nyingine, ng'ambo ile ya nchi. Wanajenga meli, wana chuma cha pua." Akazungusha kofia mikononi. "Twende. Wewe ndiye mpenda kuhama."

Tamar alikuwa anakanda mkate. Aliendelea kukanda kwa muda mrefu kuliko unga ulivyohitaji.

"Siwezi kuondoka hapa," alisema.

"Hapa wapi? Umehama kila mahali hapa."

"Amos yuko hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi jina lile kutajwa kati yao. Reuben alikaa chini. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe uliojaa unga, na wakabaki hivyo hadi Selina alipoingia.

Reuben aliondoka peke yake. Nyumba ya tano ilipangwa na watu wengine, na kibanda kilihamishiwa ua wa Bridie, upande wa pili wa ukuta uleule, ili njiwa wasipotee. Ombi lake la mwisho kwa Tamar lilikuwa awaangalie.

Hivyo yule mwanamke aliyekimbia kuta alikwenda kila siku kusimama katika ua wenye kuta nne, mtama kwenye aproni, njiwa wakimparamia mabega. Mwanzoni alimwaga nafaka akakimbia. Baadaye Bridie alianza kumletea chai palepale uani, na ndoo ya kukalia.

"Kaa, basi. Hawatakula haraka kwa sababu wewe una haraka."

"Sina haraka."

"Mguu wako unatingisha ndoo yangu, Tamar."

Walicheka. Siku moja Bridie, bila kuulizwa, alimwambia kuhusu watoto wake wawili aliowazika Ireland kando ya barabara, mahali ambapo hawezi kuyaona makaburi yao tena wala kupakumbuka sawasawa. Aliyasema huku akimenya viazi. Tamar alichukua kisu cha pili akamsaidia kumenya.

Reuben alirudi baada ya majira mawili ya baridi, amekonda, na kikohozi kifuani. Kule Barrow walikuwa hawamtaki mkoroga chuma. Walimpa koleo, akapakia makaa. Sasa alikuwa amesikia kwamba Middlesbrough nako wamepata njia ya kufanya chuma cha pua kwa mawe ya kwao, na kiwanda kipya kinaandika watu. Safari hii hakwenda nyumba ya tano. Alibisha kwa Tamar.

"Una chakula?"

"Kipo."

Alikula, akanyoosha miguu, akavua viatu. Tamar alivitazama vile viatu kando ya meko. Kiwandani walimpa kazi ya kufagia njia za reli ndogo, kazi ya mtu aliyekwisha kutumika, naye akaikubali. Njiwa walibaki kwa Bridie.

Selina aliolewa na mfanyakazi wa forodha, akapata nyumba yenye maji ndani, akawaomba wazazi waje wakae naye. Tamar alikaa wiki tatu. Aliosha madirisha yote ya bintiye kila siku, hata Selina mwenyewe akamfungia furushi. "Nenda tu, mama. Unanichosha macho."

Waashi walifika mbele ya nyumba ya Tamar majira ya kuchipua, mwaka ambao nywele zake zilimaliza kuwa nyeupe. Aliwatazama asubuhi nzima. Kisha alitoka na birika na vikombe, akavuka tope hadi walipokuwa wakichanganya saruji.

"Mnajenga mpaka wapi safari hii?" aliuliza.

Fundi mkuu alipokea kikombe, akajifuta paji la uso. "Mpaka watakapotuambia tuache, bibi. Ila hawajawahi kutuambia."

Reuben alipotoka kazini alikuta nusu ya sahani ziko kabatini, nusu zimefungwa kwenye magazeti sakafuni, na mkewe amelala kitini, dirisha wazi, sauti za waashi zikiingia ndani. Hakumwamsha. Alizisogeza zile zilizofungwa kando asije mtu akazikanyaga, akajitafutia kikombe.

Zilikaa pale hadi Krismasi, Selina alipokuja na mumewe na watoto, na sahani za kabatini hazikutosha, ndipo Tamar akazifungua.